Robo Sekunde

Kazi yangu ni kupiga picha Morogoro mjini. Kipaimara, sendofu, harusi, mahafali ya chuo, pasipoti saizi za vijana wanaoomba kazi: hizo ndizo zilizonijengea jina, na ndizo zinazolipa pango mpaka leo. Mtu ukipiga harusi muda mrefu, mwili unazoea kuharakisha. Bibi harusi anaingia ukumbini mara moja tu, keki inakatwa mara moja tu, na hakuna atakayemrudisha mshenga kwenye kipaza sauti kwa sababu wewe ulikuwa unabadilisha betri. Macho yanajifunza kuwinda. Natoa ushuhuda huu kwa sababu milima iliyo mgongoni mwa mji wetu, na maji yanayoshuka kutoka humo, imenifundisha kutazama kwa namna nyingine, na sasa hata harusi nazipiga tofauti.

Milima ya Uluguru hatuifuati mbali. Ukitoka nje asubuhi, kilele cha Lupanga kiko juu ya mapaa, na Bondwa iko pembeni na minara yake ya mawasiliano. Mto Morogoro unashuka kwenye miteremko ya upande wetu, unapita Rock Garden katikati ya mawe makubwa, unaukata mji, halafu unakwenda kuungana na Ngerengere. Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu yenyewe inaanzia humo humo Uluguru. Maji ya Ruvu ndiyo yanayovutwa na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini kupelekwa Dar es Salaam, kwa hiyo mtu wa Kimara anayekinga ndoo asubuhi anakinga maji ya kwetu. Hayo nilifundishwa shuleni, nikayajibu kwenye mtihani, yakaishia hapo.

Mto uliniingia kupitia wateja. Maharusi walianza kunijia na simu mkononi, wakinionyesha picha za maporomoko ya nchi za mbali, maji meupe na laini yasiyo na hata tone moja. "Kaka, sisi tunataka yetu iwe hivi, maji kama maziwa." Nikajifunza. Siri yake si kubwa. Kamera ikifungua jicho kwa muda mfupi, maji yanakamatwa yalipo. Ikikaa wazi kwa muda mrefu, kila tone linaacha njia yake yote kwenye picha, njia zinalaliana, mwisho unaona utandu mmoja mweupe. Shida ni kwamba mchana mwanga ni mwingi mno, na kamera ikikaa wazi muda wote huo picha inaungua. Ndiyo maana unashusha ISO hadi 100, unaibana apecha hadi f/11 au f/16, na mbele ya lenzi unafunga filta nyeusi. Kila stopu inakata mwanga nusu, kwa hiyo filta ya stopu 6 inapitisha sehemu moja tu kati ya 64 za mwanga. Mahali ulipohitaji sehemu ya 30 ya sekunde, sasa unahitaji kama sekunde 2. Ukipandisha hadi stopu 10, unafika nusu dakika na zaidi. Kilichobaki ni stendi imara na subira.

Nilinunua filta, nikanunua stendi nzito, nikaanza kupanda. Rock Garden kwanza, kisha juu zaidi kwenye njia ya Morningside, ile nyumba ya enzi za Wajerumani, halafu nikavuka kwenda maporomoko ya Choma. Picha zilipendwa. Zilitundikwa sebuleni, zikachapwa kwenye kalenda, na mimi mwenyewe nilizipenda sana.

Kilichonigeuza kilinikuta mwishoni mwa kiangazi cha 2022, kwenye mkono wa mto chini ya nyumba za watu, njia ya Choma. Kinamama walikuwa wakifua na kuteka maji. Mimi nilikuwa nimesimamisha stendi pembeni, nikisubiri waondoke ili fremu ibaki na maji, mawe na msitu peke yake. Mmoja wao, mtu mzima, akanifuata huku akifuta mikono kwenye khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unangoja nini hapo? Tangu tumefika umesimama tu."

"Nangoja nafasi, mama. Napiga picha za mto."

"Haya, tuone huo mto."

Nikamwonyesha kwenye kioo picha niliyokuwa nimepiga mapema, kabla hawajafika. Ilikaa wazi sekunde 20. Akaitazama kwa muda, akanyoosha kidole.

"Hili jiwe nalijua. Na huu mti ndio ule pale." Akasogeza uso karibu. "Ila mwanangu, mto huu mwezi huu tunauteka kwa kopo. Humu mbona umejaa?"

Sikuwa na jibu la haraka, maana alikuwa amesema kweli tupu. Mbele yetu maji yalikuwa michirizi mitatu, kila mmoja ukitafuta njia yake kati ya mawe makavu. Kwenye kioo changu michirizi ile ilikuwa imetanda na kukutana. Maji kidogo yakirushwa huku na huko kwa sekunde 20 yanapaka weupe kila yanapogusa, na jicho linasoma weupe ule kuwa ni wingi. Kwenye picha yangu mto wa kiangazi ulikuwa umevaa nguo za masika. Na kiangazi chenyewe ndicho kile ambacho Ruvu ilipungua hadi Dar es Salaam ikatangaziwa mgao wa maji mwezi Oktoba.

Swali la yule mama nilirudi nalo mjini. Mtu aliyeteka maji pale tangu utotoni alikuwa ametambua jiwe, ametambua mti, akashindwa kuutambua mto. Mteja wangu wa Dar hakuwahi kuliona hilo, na asingeweza kuliona. Nikajiwekea kipimo kipya: picha ya mto iweze kusomwa na mwenye mto. Akiitazama ajue ni mwezi gani, mvua zimekata au bado, na kama pale anaweza kuvuka au azunguke.

Kuanzia hapo spidi ya shata, yaani muda ambao kamera inakaa wazi, ikawa kwangu jambo la kuamua kila mara. Nilisimama mbele ya jiwe lile lile na kubadilisha spidi peke yake. Kwenye sehemu ya 500 ya sekunde matone yanaganda hewani, unaweza kuyahesabu, lakini mwendo umekufa. Kwenye sehemu ya 60 maji si ya kuganda wala si ya kutiririka, yanaonekana tu kama mkono ulitetemeka. Ukifika sehemu ya 8, na hasa robo sekunde, kitu kinatokea. Maji yanakuwa nyuzi. Kila uzi unaonyesha ulikotoka, ulipolizunguka jiwe, na ulipodondoka. Palipo na maji mengi nyuzi zinasongamana, palipo na machache zinaachana na mwamba unaonekana katikati yake. Sekunde ikipita nzima, nyuzi zinaanza kuyeyuka na ule utandu unarudi.

Robo sekunde si sheria ya kila mahali. Jambo la kuangalia ni umbali ambao maji yanasafiri ndani ya fremu wakati kamera iko wazi. Kijito kinachotambaa kinavumilia hata nusu sekunde. Poromoko la Hululu kule Bunduki, Mgeta, linaanguka kwa nguvu, na ukilisogelea kwa lenzi ndefu, sehemu ya 30 inatosha kabisa kutoa nyuzi. Ukirudi nyuma na lenzi pana, maji yale yale yanahitaji muda mrefu zaidi. Kwa hiyo siku hizi naanza kwa kutazama. Nachagua jani moja au kipande cha povu, nakifuata kwa macho kinavyopita kati ya jiwe na jiwe, ndipo nashika kamera.

Nilipoanza kusoma historia ya kazi hii nilikuta kwamba utandu mweupe haukuanza kama mtindo. Mwaka 1872 Eadweard Muybridge alipiga picha kubwa za maporomoko ya bonde la Yosemite, Marekani, na maji yake ni meupe laini hivyo hivyo. Alitumia vioo vilivyopakwa dawa ikiwa mbichi, na dawa ile ilikuwa nzito kushika mwanga, kwa hiyo hakuwa na namna ya kuyasimamisha maji. Mtu huyo huyo mwaka 1878 ndiye aliyefaulu kumkamata farasi akikimbia, kwa safu ya kamera zenye shata za haraka. Wapiga picha wa kwanza waliacha maji yafifie kwa kukosa la kufanya. Sisi tunaweza kuchagua sehemu ya 4,000 ya sekunde au dakika nzima kwa kuzungusha kidole, na ukishakuwa na uchaguzi, huna budi kueleza kwa nini umechagua hivyo.

Mpangilio wa picha nao ukabadilika. Zamani nilitafuta poromoko refu, naliweka katikati, nimemaliza. Sasa swali langu la kwanza ni maji yanaingia fremu kutoka wapi na yanatokea wapi. Mara nyingi napenda yaingie juu kwenye pembe moja na kutokea chini kwenye pembe ya pili, yakilivuta jicho kupita katikati. Pale yanapotokea sipabani kwa jiwe, maana maji yaliyozibiwa njia kwenye picha humchosha mtazamaji hata kama hajui kwa nini. Nashuka chini, stendi ikiwa karibu na usawa wa goti, ili jiwe la mbele lipate uzito na mto upate kina. Miguu ya stendi naiweka juu ya mwamba mkavu kila inapowezekana, kwa sababu ikiwa ndani ya mkondo inatetemeka, na robo sekunde inatosha kuuandika mtetemo huo. Natumia saa ya sekunde 2 ili hata kidole changu kisiiguse kamera inapofunguka.

Filta ninayoitumia zaidi siku hizi ni ya polaraiza. Mawe yaliyolowa na majani ya migomba yanarudisha mng'ao mweupe unaofunika rangi. Ukiizungusha filta taratibu, mng'ao unaondoka, kijani kinarudi, na maji ya kando yanafunguka hadi unaona changarawe chini. Inakula karibu stopu mbili za mwanga, na kwenye kivuli cha msitu hizo zinatosha kukushusha hadi robo sekunde bila filta nyeusi hata moja.

Ukikaa chini namna hiyo unaanza kuona vitu. Kwenye jiwe moja kubwa la Rock Garden, kiangazi, nilikuta mto umejiandika wenyewe. Chini kabisa mwamba ni mweusi na umelowa. Juu yake kuna ukanda wa kuvumwani, kijani kibichi upande wa kivuli na kahawia ulikokauka. Juu ya kuvumwani kuna mstari mwembamba wa tope kavu, na juu zaidi, kwenye usawa wa bega langu, mzizi uliochomoza ukingoni umeshika nyasi kavu na kipande cha mfuko wa plastiki, vyote vimelala kuelekea mjini. Pale ndipo maji yalipofika masika. Kabla ya hapo ningeukata ule mzizi nje ya fremu kwa sababu ni mchafu. Sasa ndio ninaoanza kuupangia nafasi, maana unaonyesha kimo cha mto ambao wakati huo haupo.

Watu nao wamerudi kwenye fremu. Yule mama alinifundisha na hili bila kulitaja: mto niliokuwa nikiungoja ubaki mtupu, yeye hajawahi kuuona ukiwa mtupu. Naomba ruhusa kwanza, naonyesha picha baadaye, na nikiahidi kuleta nakala naileta. Kwenye robo sekunde mtu aliyeinama kuchota anatulia vya kutosha kutambulika, wakati ndoo na maji vinaacha alama ya mwendo. Mtu anakupa pia kipimo. Poromoko bila mtu linaweza kuwa la mita 3 au 30.

Halafu ikaja rangi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mito yetu inakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kwenye programu ya kuhariri kuna kitelezi kimoja tu cha kuivuta rangi ile kwenda kwenye ubuluu, na wateja wanaupenda ubuluu. Kwa muda mrefu nilikivuta. Kilichonifanya nikiache ni safari za Mgeta. Unaacha barabara ya Iringa pale Sangasanga, unapanda hadi Nyandira, na siku ya gulio unakuta kabichi, njegere, karoti na viazi vinapakiwa kwenye magari ya Dar. Mashamba yamening'inia kwenye miteremko ambayo kuipanda tu ni kazi. Kuna ngazi za matuta za wenyeji, na kuna mahali udongo uko wazi hadi mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za watu zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukisimama na lenzi pana unaona mara moja ni wapi mita hizo zimeheshimiwa na ni wapi tuta la mwisho limelowa.

Lakini ukikaa kijiweni na wazee utasikia pia kwamba suala la udongo Uluguru lina historia. Serikali ya Waingereza iliwalazimisha watu kuchimba matuta kwa amri, na mwaka 1955 Waluguru wakainuka kuipinga. Kwa hiyo sipigi picha kumshitaki mkulima. Rangi ya maji ni udongo wa shamba la mtu ukienda zake, naye anaumia kabla yangu. Nikiufanya mto kuwa wa buluu, namnyang'anya yeye hoja yake na mtazamaji naye namnyima habari.

Usahihishaji wangu sasa ni mfupi na una mpangilio. Napiga faili ghafi ili nisifungwe na uamuzi wa kamera. Pale mtoni natazama histogramu na kupunguza mwanga kidogo, theluthi mbili za stopu hivi, kwa sababu weupe wa maji ukishaungua hakuna programu ya kuurudisha. Nyumbani nafungua vivuli vya mawe, natia giza kidogo pembeni ili jicho libaki kwenye mkondo, na kupunguza mng'ao wa jani lolote linaloshindana na maji. Sifuti kitu. Nikikuta chupa ya plastiki mbele ya lenzi na inafikika, naitoa kwa mkono na kuondoka nayo. Isipofikika, inabaki kwenye picha kama inavyobaki mtoni. Mwisho nachapa nakala ndogo kabla ya ile kubwa, maana kioo cha kompyuta kina mwanga wake, na karatasi haina. Vivuli vilivyoonekana wazi kwenye kioo vinazama kwenye karatasi, kwa hiyo narudi kuvipandisha na kuchapa upya.

Kwa anayetaka kupanda, mambo mawili. Msitu wa juu uko ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, kwa hiyo pata kibali na mwongozaji mwenyeji. Na ukiwa mtoni usitazame anga ya juu yako peke yake. Mvua inaweza kunyesha kileleni wewe uko juani. Maji yakianza kubadilika rangi na kubeba majani, kunja stendi, panda ukingoni, picha utazikuta siku nyingine.

Naweza kuyapima mabadiliko haya kwa mambo mawili. La kwanza ni ukuta wa studio yangu. Nimetundika pale jiwe moja la Rock Garden kutoka mahali pamoja, lenzi moja, robo sekunde, katika majira tofauti: masika, kipupwe, mwisho wa kiangazi, mwanzo wa vuli. Watu wanaokuja kwa pasipoti saizi wanasimama mbele yake na kubishana. Mmoja anasema hii ni Aprili, mwenzake anasema hapana, Aprili maji yanalifunika lile jiwe la kushoto. Zile picha za maziwa zilisifiwa sana, lakini sikumbuki hata mtu mmoja aliyewahi kubishana mbele yake.

La pili ni harusini. Bado nakimbia keki ikikatwa. Lakini bendi ikipiga na watu wakinyanyuka kuserebuka, naizima flashi, najibana kwenye nguzo, nashusha shata hadi sehemu ya 8. Bibi mwenye kilemba aliyetulia anaganda, vitenge vya wanaomzunguka vinakuwa mkondo. Familia zinazichagua picha hizo mara nyingi kuliko nilivyotarajia, na mara zote kuna mtu anayezitaja kwa jina la anayecheza ndani yake.

Kama una kamera, au hata simu inayokubali kubadilishwa spidi, jaribu hivi kwenye mto wa kwenu. Simama mahali pamoja, piga mara tatu: sehemu ya 500, robo sekunde, sekunde 10. Nenda na picha hizo kwa mtu anayeteka maji pale, msalimie, mwombe akuonyeshe ni ipi iliyopigwa leo. Usimweleze chochote kuhusu kamera. Ile atakayoichagua, anza nayo kazi.